Meseji za Makosa Zije Kwangu

Fabiola binti yangu,

Salamu sikuandikii, maana uko hapo jikoni na mama yako na nawasikia mnacheka. Nadhani mnanicheka mimi. Chekeni. Nimejifungia huku chumbani nikasema natafuta betri za tochi, kumbe naandika. Mkono wangu mzito, unajua, shule yenyewe niliiacha kabla haijanizoea. Lakini nikiamua nimeamua, na hakuna mzee mwingine upande huu wa Endamarariek aliyewahi kumwandikia mwanawe barua ndefu kuliko hii itakavyokuwa. Waulize.

Habari za kufunga begi, kushika pochi vizuri stendi, kutokula vya barabarani, hizo mama yako amezimaliza tangu juzi. Mimi nina jambo moja tu. Jana ulichukua simu yangu ukasema, "Baba, nikifika Dodoma nitazizima hizi meseji za makosa zisije tena kwako. Zinakusumbua bure. Nitakuwa naziangalia mwenyewe huko huko." Nikanyamaza. Wewe ukadhani nimekubali. Mtu uliyelelewa na mimi ulipaswa kujua kwamba nikinyamaza sijakubali, napanga maneno.

Sikubali. Zisizimwe. Na sitaki tubishane asubuhi basi likipiga honi, ndiyo maana naandika sababu zangu hapa, uzisome ukiwa umekaa na huwezi kunikatiza.

Unakumbuka siku ya ukurasa mweupe. Wewe ulishaisahau labda, kwa sababu aliyeaibika ni mimi. Ulikuwa umemaliza ile tovuti ya kikundi chetu cha wafugaji. Kila boma linatuma ng'ombe wake kwa simu, wanaingia kwenye lile ghala mnaloliita kanzidata, halafu bwana mifugo anafungua ukurasa mmoja anaona ng'ombe wote wa kuchanjwa homa ya mapafu, anaagiza dawa kwa kufuata orodha hiyo. Asiyekuwemo hapati sindano. Nilikisifia kitu hicho mpaka mnadani. Niliwaambia hata Wamasai waliotoka Malambo na mbuzi wao, watu ambao hawakuniuliza chochote.

Basi siku bwana mifugo alipokuja, nikawaita wazee. Hukunituma. Niliwaita mwenyewe, nikawapanga kwenye benchi pale nje, nikawaambia, "Leo mtaona kazi ya damu yangu." Ukafungua laptopu. Ukurasa ukaja mweupe. Hakuna ng'ombe, hakuna neno, hakuna hata nukta.

Mzee Amnaay, jirani yetu huyu ambaye tangu ujana hajaniachia nafasi ya kupumua, akainama akatazama kwa makini kabisa. Akasema, "Mzee Tlehema, naona ng'ombe wako wameingia kwenye ukungu wa kreta."

Nikamjibu, "Mashine inapumzika. Hata maksai hupumzika."

"Imelima ekari ngapi hata ichoke?"

Wakacheka mpaka bwana mifugo naye akacheka, na yeye ni mtu wa serikali.

Walipoondoka ulikaa na laptopu yako mapajani, mimi nikakusogelea. Nilikuja kugomba, nikubali hilo, lakini ukanionyesha kitu kikanisahaulisha ugomvi. Kilikuwa kialama kidogo kilichojikunja kama konokono, umekiweka mbele ya agizo moja kati ya yale unayoiandikia mashine.

"Hiki ndicho kimetuponza, baba. Ukikiweka hapa, agizo likishindwa linanyamaza."

"Kwa nini ulinyamazishe?"

"Nilitaka wageni wasione maneno mabaya ya Kiingereza kwenye ukurasa."

Ukamfuta konokono. Ukaandika juu kabisa mstari mmoja wa kuiambia skripti, yaani maagizo yako yote kwa pamoja, itaje makosa yote, isibakize. Ukajaribu tena. Maneno yakamwagika! Ukanitafsiria: jedwali unalolitafuta halipo, tazama mstari fulani. Ukajipiga paji la uso. Jana yake ulikuwa umelibadilisha jedwali jina, na mahali pamoja ukasahau ukaacha jina la zamani.

Mimi sikuliona jedwali wala jina. Niliona jambo lingine. Nikakuuliza, "Kwa hiyo ilikuwa inajua?"

"Ilikuwa inajua."

"Muda wote Amnaay ananichezea pale, inajua kosa liko wapi na mstari gani?"

"Inajua, baba. Ni mimi niliyeikataza kusema."

Tangu saa hiyo, mwanangu, nikawa mgonjwa wa kutaka kujua. Ulilalamika kwa mama yako kwamba nakufuata kama ndama. Kweli nilikufuata. Nilitaka kujua kama mashine inaona aibu inapokosea. Nilitaka kujua kwa nini siku nyingine ilileta makosa mengi kwa mpigo, na wewe ukasema nianze na la juu kabisa, mengine mara nyingi ni watoto wake, ukilitibu la juu nayo yanapona. Hilo nililibeba shambani nikalifikiria mpaka nikamaliza kupalilia mahindi yote. Nimezozana na watu maisha yangu yote nikianzia kosa la mwisho, lile bichi, lile lililotoka kuniuma. Kumbe nilikuwa nakemea wajukuu.

Ukurasa uliporudi nikawaita wazee tena. Mama yako alinikataza. Nikawaita. Safari hii ng'ombe wakaonekana, boma kwa boma, nikatembea mbele ya benchi kama mwenye harusi. Halafu Amnaay akatafuta boma lake kwa kidole, akasema bila mzaha, "Mbona wangu hawajatimia?" Na mwingine naye akasema wake hawajatimia. Safari hii hakukuwa na kosa lolote lililotajwa. Uliangalia kila mahali. Skripti ilisema mambo ni mazuri.

Hapo ndipo nilipokuona umeogopa kweli. Kosa la kelele ulikuwa umelizoea. Hili lilikaa kimya, tena bila konokono.

Nikakuuliza, "Wanaenda wapi?"

"Sijui, baba."

Nilifurahi kusikia hivyo, sikukwambia tu. Vijana wengi wa vyuo wangenitungia jibu.

Mimi nikajitia kusaidia kwa njia yangu. Unajua sisi jioni pale langoni hatuhesabu ng'ombe kwa kidole, si vizuri. Tunatazama tu. Kundi likiingia, pengo linajionyesha lenyewe, unasema yule mwekundu wa pembe moja hayupo. Na katika kutazama sijaona wa kunifikia. Nikasema, nipe hiyo orodha niitazame. Nikaitazama mpaka macho yakatoa machozi, nikakutangazia kwamba wote wapo. Nilikosea. Orodha haina pembe wala rangi, haina hata mwendo. Nilitumia jicho la langoni mahali pasipo na lango.

Wewe ukafanya vingine. Ukasema, "Swali langu ni refu mno, linauliza mambo mengi kwa pamoja. Nitalikata vipande." Ukaiuliza kanzidata habari za ng'ombe peke yao. Wakaja wote, na wa Amnaay wakiwemo! Ukaongeza maboma. Wakaja wote. Ukaongeza jambo la tatu, mwenye ng'ombe. Pale pale wakapungua mbele ya macho yetu.

"Wanaangukia hapa," ukasema.

"Kwa nini?"

"Swali linasema, nipe ng'ombe pamoja na mwenyewe. Ng'ombe ambaye mwenyewe hajaandikwa, linamwacha. Kwake hilo si kosa, ndivyo nilivyoliagiza."

Nikanyamaza. Ulidhani sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa kabla hujafunga mdomo.

Wewe ni mtoto wa hapa, unajua kwamba ng'ombe anayelala kwangu si lazima awe wangu. Mwenye ng'ombe huwagawa, mmoja kwa shemeji, mwingine kwa jirani, mwingine kwa mjane. Anayemtunza anakamua maziwa na kupata samadi ya shamba, ndama wanabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia boma moja haukumalizi. Na jicho la watu halioni mali yako yote imesimama mahali pamoja. Adabu ya kwanza ya aliyewekewa ni kutosema ng'ombe ni wa nani. Sasa wewe kwenye simu umeweka kisanduku kimeandikwa "mwenyewe". Watu wenye heshima zao walifanya nini? Wakakiruka. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alifanya adabu, na kwa adabu hiyo ng'ombe wao wakapotea. Huko chuoni Arusha mlifundishwa kwamba kila kitu kina mwenyewe na mwenyewe hutajwa. Nani angewalaumu walimu wenu, hawajawahi kuweka ng'ombe.

Kabla hujalitengeneza swali ulitaka kwanza uwajue wote walioachwa. Ukaagiza kila akipatikana ng'ombe asiye na mwenyewe, au skripti ikigoma, meseji itoke. Na kwa kuwa simu yako ilikuwa inalisha laptopu mtandao, ukaweka namba yangu. Meseji ya kwanza kuingia ilisema: Kosa. Boma la Amnaay. Ng'ombe hana mwenyewe.

Fabiola, sijawahi kupata cheo. Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza kuezekwa bati katika mtaa huu, nimefukuza tembo waliotoka msituni kwa kugonga sufuria peke yangu, lakini cheo hawakunipa. Siku ile nikaona nimekipata. Mashine iliniandikia mimi.

Nikatia simu mfukoni nikaenda moja kwa moja kwenye pombe. Wazee wote wapo. Nikamwambia Amnaay kwa sauti, "Mashine imenipa taarifa. Yule ng'ombe wa baka jeupe kwako ni wa nani?"

Mmoja akaweka kata yake chini taratibu, kama imekuwa ya moto. Nilikuwa nimemuuliza mtu hadharani kitu ambacho hata ndugu hawaulizani chumbani. Nilijua hivyo neno likiwa bado liko mdomoni, na bado nikalitoa, kwa sababu lilikuwa tamu.

Amnaay akajifuta mdomo. Hakuwa na haraka. Akasema, "Na wale wako wanaolala kwa mama Qamara, hao mashine imekuandikia, au inakuogopa?"

Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Mama Qamara ni yule mjane wa njia ya kisimani. Watoto wake wanakunywa maziwa ya ng'ombe wangu, na kwa miaka mingi niliamini hakuna anayejua. Kumbe walijua wote wakanistahi. Mama yako alikuwa hajui. Alijua kesho yake kupitia kwa wake zao, na kwa siku kadhaa neno aliloniambia lilikuwa moja tu: "Chakula."

Nilirudi kwako nimekasirika. Nikakuagiza uifunge ile mashine ikatae ng'ombe yeyote asiyetajwa mwenyewe. Watu walazimishwe. Ukaniangalia, ukasema taratibu, "Hapana, baba. Watu wana adabu. Swali langu ndilo halina." Ukaligeuza. Sasa likasema: leta kila ng'ombe, mwenyewe akijulikana umtaje, asipojulikana nafasi yake iache tupu, ng'ombe aje hivyo hivyo.

Wakaja wote. Wa mama Qamara nao wakaja, na pembeni yao nafasi tupu. Niliitazama ile nafasi tupu muda mrefu. Kuna mashine yenye elimu kubwa, inajua nafasi ile ni yangu au haijui sijui, lakini imefundishwa na mwanangu kutouliza.

Siku ya chanjo pale joshoni, mama Qamara alileta ng'ombe. Bwana mifugo akasoma boma, akachoma sindano, akasema "anayefuata". Basi. Mimi nilikuwa nimesimama mbali kidogo nazungumzia mvua kwa sauti kubwa, kama mtu asiyehusika. Amnaay alikuwa karibu yangu. Akasema, "Mvua gani, Tlehema, na jua lote hili?" Akaishia hapo. Huyo ni jirani.

Baada ya hapo ndipo ulipoyapanga makosa upya. Mgeni akifungua ukurasa ukagoma, anaona neno la upole tu, samahani, jaribu baadaye. Maneno yenyewe ya ukweli yanaandikwa ndani, kwenye faili lisiloonekana na wageni, na muhtasari wake unaingia kwenye simu yangu. Uliponieleza nilikuelewa kuliko ulivyodhani. Mwanzoni uliyaficha makosa kila mtu asiyaone, hata wewe mwenyewe hukuyaona. Mimi nikakosea upande wa pili, nikayapeleka makosa kwenye pombe. Mgeni ataambiwa samahani. Mwenye nyumba lazima aambiwe ukweli. Nimetafuta sana mahali hapo katikati, na ni wewe uliyenionyesha kwamba pana mahali hapo.

Sasa unasema nitoke. Unasema utaona mwenyewe kwenye faili. Mwanangu, hiyo kazi mpya unayoiendea itakuwa na makosa yake, tena ya watu wasiokujua bado. Wewe uko Dodoma umebanwa, skripti imegoma, faili limejaa, hakuna aliyelifungua, na msimu mwingine wa chanjo bwana mifugo analeta dawa pungufu. Ng'ombe wa nani watabaki? Ni wale wale wa nafasi tupu. Hakuna atakayewasemea, kwa sababu mwenyewe hasemi na mtunzaji hasemi. Mimi hapa simu iko shingoni, chaji ya sola ipo, na usingizi wangu ni mwepesi. Meseji ikiingia nitakupigia wewe tu. Sitaipeleka kwa Amnaay. Nimeapa mbele ya mama yako, na yeye ndiye aliyeniapisha.

Kuna sababu nyingine, hii sikuwahi kumwambia mtu ingawa haina siri. Nilipokuwa kijana nilishuka Mang'ola kulima vitunguu. Kule joto, maji ya mfereji, mbu wa kutosha. Homa ikanishika. Kila mtu wa kwetu aliyekuwa anapanda kurudi juu alikuwa ananiuliza, tukawaambie nini nyumbani? Nami nasema, waambieni mzima, nanenepa. Nilipenda kusikika mzima. Bibi yako alipokea salamu hizo moja baada ya nyingine akazifurahia, akawa anawaambia watu kwamba mwanawe ananenepa. Kisha nikarudi, nimeshikwa bega na utingo wa lori. Bibi yako akatoka mlangoni akanitazama akasema, "Karibu, mgeni."

Hakuwa anatania. Hakunijua.

Alipolijua jina langu hakulia wala hakunigombeza. Akaniuliza, "Hao niliokuwa nawaamini walinidanganya wote?" Nikasema hapana, walifikisha vizuri nilichowatuma. Mpaka anakufa, mtu akimwambia fulani ni mzima, alikuwa anauliza, umemwona?

Kwa hiyo nakujua utakavyofanya, kwa sababu ni damu yangu. Nitapiga simu, utasema, "Niko poa, baba." Ukurasa mweupe huo. Sikulazimishi useme kila kitu. Wewe ni mtu mzima, una nafasi zako za kuacha tupu, nami nimejifunza kutouliza za wengine hadharani. Lakini penye kugoma, pagome kwa maneno, na maneno yanifikie.

Na nina maswali ambayo siku hizi zote za kufunga begi hukunipa muda. Hiyo seva iliyobeba ng'ombe wetu imekaa wapi hasa? Kuna mtu anayeifagia vumbi? Umeme ukikatika ikaamka tena, inakumbuka ilikuwa inaulizwa nini, au inaanza upya kama mtoto? Na ule mstari unaosema taja makosa yote, ni nani aliyeyafikiria makosa yote hayo mapema akayaandalia majina kabla hatujayafanya? Huyo mtu ningependa kukaa naye. Nadhani tungeelewana. Niandikie majibu, au nieleze kwa simu polepole, bando nitaweka mimi.

La mwisho. Nimelifikiria tangu jana na nadhani hata walimu wako hawajaliwaza. Tuseme umenikubalia, umeacha meseji zije. Sasa skripti yako ni nzima, nawe ni hodari, simu yangu inakaa kimya wiki hadi wiki. Nitajuaje kimya hicho ni cha uzima, au ni njia imeziba huko katikati? Vyote viwili vinafanana. Mimi nitakuwa natazama simu isiyosema kitu.

Basi ukipata nafasi, mara moja moja, tengeneza kosa dogo. Usiguse ng'ombe wa watu. Weka pembeni swali bovu, lolote, likajikwae, meseji ije. Nikiiona nitajua njia iko wazi. Nitakupigia hapo hapo nikukemee kwa uzembe, kwa sauti, ili mama yako asikie kazi ninayofanya. Wewe utasema, "Samahani, baba, nilikosea." Halafu nitakuuliza umekula nini.

Ni mimi baba yako,
Tlehema